Gawanyeni Namba Kabla ya Kuvuta Waya

Kila mkulima aliyepata shamba katika skimu anajua ya kwamba kazi ya kwanza haikuwa kulima, wala kujenga nyumba. Kazi ya kwanza ilikuwa ya mpima ardhi. Alikuja na vyombo vyake, akaweka vigingi, akachora ramani, na kila ploti akaipa namba yake. Akaacha nafasi ya barabara, ya shule, ya josho la ng'ombe na ya soko, ijapokuwa siku ile hapakuwa na shule wala soko. Baada ya hayo ndipo watu walipoitwa kuchukua mashamba. Kama watu wangaliingia kwanza na mpima akaja baadaye, mngalikuwa mkigombea mipaka mpaka leo.

Mwezi huu twataka kukueleza kazi nyingine inayofanana sana na hiyo. Ni kazi ya kuunganisha kompyuta za chama cha ushirika zilizo mahali mbalimbali. Siku hizi chama kimoja chaweza kuwa na ofisi kuu Juja, kiwanda cha kahawa upande wa Ruiru, ghala ya mbolea Thika, na kituo cha kupozea maziwa mahali pengine. Kila mahali pana kompyuta, mizani ya umeme, na simu. Kamati hutaka vyombo hivi visemezane, ili kilo zilizopimwa kiwandani asubuhi zionekane ofisini kabla ya saa sita, na mkulima asingoje majuma mawili kujua hesabu yake.

Usidhani ya kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Fedha za kazi hiyo ni zenu, nazo hukatwa katika malipo ya kahawa na maziwa. Kazi ikiharibika italipwa mara ya pili, na mtakaolipa ni ninyi. Tena sehemu inayoharibika mara nyingi si waya wala mashine. Ni mpango wa namba, na huo mkulima yeyote anayeelewa ramani ya skimu yake aweza kuuelewa.

NAMBA YA KOMPYUTA NI KAMA NAMBA YA PLOTI

Tazama hati ya ardhi ya upande wa Juja au Ruiru. Nyingi zimeandikwa jina la eneo, kisha namba ya bloku, kisha namba ya ploti. Bloku 2 yaweza kuwa na ploti namba 15, na Bloku 3 ikawa na ploti namba 15 pia. Hapana ugomvi, kwa sababu bloku si moja. Lakini kama pangekuwa na Bloku 2 mbili, moja huku na moja kule, nani angejua hati ya ploti 15 ni ya shamba lipi?

Kila kompyuta, mizani au simu iliyo katika mtandao hupewa namba yake, nayo huitwa anwani ya IP. Huandikwa kwa mafungu manne yenye nukta kati yake, kwa mfano 10.20.16.5. Kila fungu huanzia 0 na halizidi 255. Sababu yake ni kwamba mashine haina vidole kumi kama sisi. Huhesabu kwa ndiyo na hapana tu. Kila fungu lina nafasi nane za ndiyo na hapana, na nafasi nane zaweza kutoa namba 256, yaani kutoka 0 mpaka 255. Nafasi moja huitwa biti, na anwani nzima ina biti 32.

Sehemu ya mwanzo ya anwani ni bloku, na sehemu ya mwisho ni ploti. Lakini ukiitazama anwani peke yake huoni bloku inaishia wapi. Mpaka huo huonyeshwa na namba ya pili ambayo mafundi huiita maski. Maski ya 255.255.255.0 yasema hivi: mafungu matatu ya kwanza ni bloku, na fungu la mwisho ni ploti. Pengine mafundi huiandika kwa ufupi, /24, maana yake biti 24 za mwanzo ni za bloku.

Bloku ya namna hiyo ina namba 256. Lakini namba mbili hazipewi chombo chochote. Ya kwanza ni jina la bloku yenyewe. Ya mwisho ni mbiu ya mgambo, yaani namba ya kutangazia vyombo vyote vya bloku kwa mara moja. Zinabaki 254 za kugawa.

Katika kila bloku pana chombo kimoja kinachoshika lango. Chombo hicho huitwa ruta. Kompyuta ikitaka kusema na jirani wa bloku yake humwita moja kwa moja. Ikitaka kusema na chombo cha bloku nyingine hupeleka ujumbe wake langoni, na ruta huusafirisha. Shika sana jambo hili, kwa kuwa kosa kubwa tunalotaka kukuonya linatoka hapa.

KOSA LINALOHARIBU KAZI

Ruta nyingi zinazouzwa madukani zimekwisha wekewa namba na kiwanda kilichozitengeneza. Nyingi hutumia 192.168.1, na nyingine 192.168.0. Mtu akinunua moja ya ofisi ya Juja, na mwaka unaofuata akanunua nyingine ya kiwanda cha Ruiru, na nyingine ya ghala ya Thika, mahali pote patatu patakuwa na bloku ileile. Kila mahali kazi itakwenda vizuri, maana kila mahali pako peke yake. Hapana atakayejua ya kwamba pana kosa.

Kosa litaonekana siku ya kuunganisha. Tuseme mizani ya Ruiru ina namba 192.168.1.10. Karani wa Juja aiita mizani hiyo. Kompyuta yake hutazama maski, ikasema: hii ni bloku yangu mwenyewe, basi ni jirani. Kwa hiyo haipeleki ujumbe langoni. Huita ndani ya ofisi ya Juja. Ikiwa hapo hapana chombo chenye namba hiyo, karani atangoja bure. Ikiwa printa ya Juja ndiyo yenye namba hiyo, basi printa ndiyo itakayoitika. Ujumbe hautafika Ruiru hata kidogo, ijapokuwa waya ni mzima na bili ya waya inalipwa kila mwezi.

Hapo fundi atasema lazima namba zibadilishwe. Lazima kila kompyuta, kila mizani, kila printa na kila kamera iguswe moja moja. Kama kazi hiyo ikiangukia kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa msimu mkubwa wa kahawa upande huu, mizani itasimama huku foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani. Gharama hiyo yote ingeweza kuepukwa kwa kipande cha karatasi kilichoandikwa mapema.

KWA NINI TUNAGAWANA NAMBA

Labda utauliza: kwa nini kila chombo duniani kisipewe namba yake peke yake, isiyofanana na nyingine yoyote?

Kanuni ya namba hizi ilichapishwa Septemba 1981. Hapa Juja jirani yenu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka uleule. Biti 32 zatoa namba 4,294,967,296. Wakati ule zilionekana nyingi mno. Kwa hiyo waliofika kwanza walipewa maeneo makubwa kupita haja yao. Mtu aliyetaka namba alipewa 256, au 65,536, au zaidi ya milioni 16. Aliyehitaji 1,000 alipewa 65,536, na zilizobaki zikalala kama pori ndani ya ua. Chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na zile milioni 16 na zaidi, na mwaka 2017 kikatangaza kuuza sehemu yake. Ninyi mnaoijua historia ya mashamba makubwa ya nchi hii hamhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1985 iliandikwa kanuni ya kugawanya mtandao mmoja kuwa midogo. Mwaka 1993 ikaja kanuni ya kukata bloku kwa kipimo kinachofaa, badala ya vile vipimo vitatu vya zamani. Hata hivyo namba hazikutosha. Februari 2011 ghala kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa maghala matano ya mabara. Ghala ya Afrika huitwa AFRINIC, na makao yake yako Mauritius.

Lakini mwaka 1994 mafundi walitenga maeneo matatu ambayo mtu yeyote aweza kuyatumia ndani ya boma lake bila kuomba ruhusa. Ni haya:

Kutoka 10.0.0.0 mpaka 10.255.255.255.
Kutoka 172.16.0.0 mpaka 172.31.255.255.
Kutoka 192.168.0.0 mpaka 192.168.255.255.

Namba hizi hazisafiri katika barabara kuu ya intaneti. Ujumbe ukitoka nje, ruta ya langoni huondoa namba ya ndani na kuweka namba yake yenyewe. Ni kama sanduku la posta la chama. Barua za watu wote hutoka na kuingia kwa S.L.P. moja, na karani ndiye anayejua ndani ipi ni ya nani.

Basi namba za ndani ni za bure, na ni nyingi. Hapana sababu ya kubanana. Lakini kwa kuwa hapana ofisi ya serikali inayoziandikisha, hapana atakayekuzuia kuzirudia kwa makosa. Mpima ardhi na msajili wa bloku hizi ni ninyi wenyewe.

KUGAWANYA NUSU KWA NUSU

Mashine huhesabu kwa ndiyo na hapana, kwa hiyo bloku hukatwa nusu kwa nusu. Huwezi kuikata vipande vitatu vilivyo sawa. Bloku ya namba 256 ukiikata mara moja wapata mbili za 128, na ukikata tena wapata nne za 64. Hivi ndivyo ilivyo, ukitoa zile namba mbili zisizogawiwa:

/24 ina namba 256, za kutumia 254.
/25 ina namba 128, za kutumia 126.
/26 ina namba 64, za kutumia 62.
/27 ina namba 32, za kutumia 30.
/28 ina namba 16, za kutumia 14.
/29 ina namba 8, za kutumia 6.
/30 ina namba 4, za kutumia 2.

Hiyo ya mwisho yafaa sana kwa waya unaounganisha ruta mbili tu, maana hapo panahitajika namba mbili na hapana cha tatu.

Ukiwa na eneo kubwa waweza kwenda kinyume chake, yaani kuunganisha bloku ndogo kuwa moja kubwa. Bloku 16 za namba 256 zilizo jirani huwa eneo moja la namba 4,096, nalo huandikwa /20. Lakini lazima eneo lianzie mahali pake. La bloku 16 huanzia 0, au 16, au 32, au 48, na kuendelea hivyo. Haliwezi kuanzia 10. Ukimpa mtu bloku 10 mpaka 25, mashine haitaziona kama eneo moja. Itaziona kama vipande vinne: 10 na 11, kisha 12 mpaka 15, kisha 16 mpaka 23, kisha 24 na 25. Utaandika mistari minne katika kila ruta mahali pa mmoja, na kila mstari ni nafasi ya kukosea.

MFANO WA CHAMA CHENYE VITUO VINNE

Sasa tugawe. Tuseme chama chenu kina vile vituo vinne tulivyovitaja. Chukueni eneo la 10.20, yaani kutoka 10.20.0.0 mpaka 10.20.255.255. Lina namba 65,536. Likateni vipande 16 vilivyo sawa, kila kipande bloku 16. Fungu la tatu la anwani ndilo litakaloonyesha kituo:

Ofisi kuu, Juja: 10.20.0 mpaka 10.20.15.
Kiwanda cha kahawa, Ruiru: 10.20.16 mpaka 10.20.31.
Ghala, Thika: 10.20.32 mpaka 10.20.47.
Kituo cha maziwa: 10.20.48 mpaka 10.20.63.
Akiba: 10.20.64 mpaka 10.20.255.

Akiba hiyo yatosha vituo vingine 12. Mkifungua kiwanda cha pili, kitapewa 10.20.64 mpaka 10.20.79, na hapana kituo cha zamani kitakachoguswa. Mtu asiseme, "Kwa nini kituo cha maziwa chenye vyombo saba kipewe namba 4,096?" Ardhi hununuliwa kwa fedha, lakini namba hizi hazigharimu hata senti moja. Kinachogharimu ni kuhamisha watu baada ya kujenga.

Kwa nini tumechagua 10.20, na si 192.168.1? Kwa sababu karani au mhasibu aweza siku moja kufanya kazi akiwa nyumbani kwake. Ruta ya nyumbani kwake huenda ikawa na 192.168.1, nayo ya chama ikiwa ni hiyohiyo litarudi lile kosa la bloku mbili zenye jina moja. Mwepuke pia 10.0.0 na 10.1.1, kwa kuwa wengi huanzia hapo. Huenda siku moja mkataka kuungana na chama jirani, na itakuwa heri kama hamkuchagua namba alizochagua kila mtu.

NDANI YA KILA KITUO

Shamba jema lina mahali pa kahawa, mahali pa napia na mahali pa zizi. Vivyo hivyo msiweke vyombo vyote vya kituo katika bloku moja. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kelele. Mbiu ya mgambo husikiwa na kila chombo cha bloku, na vyombo vikiwa mamia kelele huzidi. Ya pili ni usalama, na hii ndiyo kubwa. Mgeni anayengoja ofisini akitumia intaneti ya chama kwa simu yake hapaswi kuwa bloku moja na kompyuta yenye hesabu za wanachama. Akiwa bloku moja nayo, hapiti langoni, na kizuizi kilichowekwa katika ruta hakimwoni. Majina yenu, namba zenu za vitambulisho na za benki zimo humo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayetunza habari za watu azilinde, na chama cha ushirika kimo.

Fuateni utaratibu mmoja kila mahali:

Bloku ya kwanza ya kituo, kompyuta za makarani.
Ya pili, mizani na mashine za kazi.
Ya tatu, simu za ofisi na kamera za ulinzi.
Ya nne, wageni.
Zilizobaki, akiba.

Kwa hiyo mizani ya Juja itakuwa katika 10.20.1, ya Ruiru katika 10.20.17, ya Thika katika 10.20.33, na ya kituo cha maziwa katika 10.20.49. Fundi akiona 10.20.17.10 atajua mara moja ya kwamba hii ni mizani na iko Ruiru, hata kama hajafika Ruiru maishani mwake.

Ndani ya bloku pia wekeni desturi. Namba 1 iwe ya ruta siku zote. Namba 2 mpaka 49 ziwe za vyombo visivyohama, kama mizani na printa. Namba 50 mpaka 250 zigawiwe na ruta yenyewe kwa vyombo vinavyokuja na kuondoka. Mizani isipewe namba ya kubadilika, maana leo itaitwa hivi na kesho vile, na ofisi itaipoteza.

NJIA KATI YA VITUO

Namba zikiisha kugawiwa, ndipo mseme habari za njia. Njia zaweza kuwa za namna mbili. Ya kwanza ni kukodi njia yenu wenyewe kutoka kwa kampuni ya simu, kwa waya wa faiba au kwa redio. Ya pili ni kutumia intaneti ya kawaida na kufanya ndani yake njia ya faragha, ambayo maneno yanayopita hufungwa kwa siri mpaka yafike. Hii ya pili huwa rahisi kwa chama kidogo. Intaneti ya kasi ilienea Kenya tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa.

Kila ruta lazima iambiwe njia. Kwa kuwa mligawa vizuri, maneno ni machache. Ruta ya Juja itaambiwa: wote wa 10.20.16 mpaka 31 wapite njia ya Ruiru. Wote wa 32 mpaka 47 wapite njia ya Thika. Wote wa 48 mpaka 63 wapite njia ya maziwa. Wengine wote watoke nje. Ni mistari minne. Kama kila kituo kingejichagulia bloku zake ovyo, mistari ingekuwa mingi kama magugu baada ya mvua.

Waya kati ya ruta mbili nao unahitaji namba zake. Tengeni bloku moja ya mwisho, 10.20.255, kwa kazi hiyo, mkaikate kwa /30. Itatoa njia 64. Juja kwenda Ruiru itumie 10.20.255.0, Juja kwenda Thika itumie 10.20.255.4, na kituo cha maziwa 10.20.255.8.

Tena kumbukeni ya kwamba njia zote zikipita Juja, umeme ukikatika Juja vituo vyote vitakuwa viziwi. Kwa sababu hiyo mizani ya kiwandani iwe na uwezo wa kuandika kilo ndani yake yenyewe, ikazipeleka ofisini njia ikifunguka. Mkulima asirudishwe nyumbani na buni yake mbivu kwa sababu ya waya uliokatika kilomita ishirini kutoka hapo.

DAFTARI LA NAMBA

Ramani isiyoandikwa si ramani. Pana vyama ambavyo fundi alifanya kazi nzuri, lakini mpango wote ulikuwa kichwani mwake. Alipopata kazi mahali pengine aliondoka nao, na fundi mpya akaanza kuuliza kila chombo jina lake.

Andikeni daftari. Katika kila mstari wekeni namba ya chombo, ni chombo gani, kiko kituo gani, kiliwekwa siku gani, na nani anakiangalia. Fanyeni nakala mbili, moja ofisini na moja katika kasha la chama. Kila chombo kibandikwe karatasi yenye namba yake. Maneno ya siri ya ruta yatiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kuwekwa katika kasha, si kwa fundi peke yake. Na namba mpya isitolewe mpaka imeandikwa kwanza, kama vile ng'ombe mpya hachanganywi na kundi kabla ya kuogeshwa.

IKIWA NAMBA ZENU ZIMEKWISHA GONGANA

Msikate tamaa, wala msifanye haraka. Andikeni kwanza vyombo vyote vilivyopo. Gawanyeni namba mpya katika karatasi. Kisha anzeni na kituo kimoja kidogo, katika mwezi wa kazi chache, si wakati wa mavuno. Namba za zamani ziachwe zifanye kazi mpaka mpya zimejaribiwa. Kituo hicho kikisimama vizuri juma moja, endeleeni na cha pili. Ofisi kuu iwe ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo penye hesabu.

Mnaponunua ruta, ulizeni kama yaelewa pia namba mpya zenye biti 128, ambazo dunia inahamia polepole kwa kuwa zile za zamani hazitoshi. Kwa desturi kituo kimoja chaweza kupewa bloku 65,536 za namba hizo. Mpango wenu wa vituo na utaratibu wa ndani utafaa vilevile siku hiyo.

MASWALI YA KUULIZA MKUTANONI

Kabla ya kupiga kura kutoa fedha, simama umwulize mwenyekiti maneno haya:

1. Je, iko ramani ya namba iliyoandikwa, nasi twaweza kuiona?
2. Je, pana vituo viwili vyenye bloku moja?
3. Kila kituo kimeachiwa akiba gani, na vituo vipya vitawekwa wapi?
4. Simu za wageni zimetengwa na hesabu za wanachama?
5. Njia ikikatika, mizani itaendelea kupima na kuandika?
6. Daftari na maneno ya siri vitatunzwa na nani, fundi akiondoka?

Fundi mwema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi, maana yatamfanya aheshimiwe. Yule atakayesema, "Ninyi lipeni tu, haya hamwezi kuyaelewa," mfikirieni mara mbili.

Kama kamati yenu haina mtu wa kuwasaidia, mwoneni Afisa wa Ushirika wa kaunti. Tena msisahau watoto wenu wenyewe. Wengi wamesomea kazi hii vyuoni, na pale Juja chuo kikuu kiko mlangoni penu. Mpeni kijana karatasi na muda wa siku mbili, naye akae na karani wavihesabu vyombo vyote. Mpima ardhi alipoweka vigingi katika skimu yenu, kuna waliosema anapoteza wakati. Leo vigingi hivyo ndivyo vinavyolinda shamba lako.